Mkeka wa nani huu kwenye akaunti yangu?

Sijawahi kubeti hata siku moja. Ndiyo maana asubuhi ile ya mwezi wa tano 2023, nilipowasha kompyuta ya dukani na kukuta mkeka wa Jumamosi, yaani orodha ya mechi za kubetia, kwenye orodha ya mazungumzo yangu na ChatGPT, nilidhani macho bado hayajaamka. Mafinga ukungu ukishuka unaingia mpaka ndani ya nyumba, na kioo cha kompyuta kinafanya majimaji. Nikakifuta kwa ncha ya khanga. Mkeka ulikuwa palepale. Chini yake kulikuwa na maswali ya kemia ya kidato cha tatu, na chini ya kemia kijana mmoja alikuwa anaomba atungiwe ujumbe wa kumwomba msamaha binti wa watu. Katikati ya hao wote ndimo zilimokuwa kazi zangu: nukuu ya bei ya mbao, malalamiko ya mpaka wa shamba kwenda baraza la kata, wasifu wa dereva wa lori anayetafuta kazi.

Nina steshenari ndogo karibu na stendi. Mji wetu unaishi kwa miti; msitu wa Sao Hill uko mlangoni, na hata asiye na kiwanda ana ekari zake mbili za paini au milingoti anazozisubiri kama mtu anavyosubiri pensheni. Watu wanakuja kwangu na maneno kichwani, mimi nayaweka kwenye karatasi. Kuchapa nilijifunza kwenye mashine ya kugonga, enzi zile ukikosea herufi moja unapaka wino mweupe, unapuliza, unasubiri ukauke. Kwa hiyo niliposikia kuna programu unaiambia shida yako inakuandikia barua nzima, sikuhitaji kushawishiwa mara mbili.

Aliyenishawishi ni fundi simu wa jirani. ChatGPT ilikuwa imetoka mwishoni mwa Novemba 2022; yeye alinijia Februari. "Mama," akaniambia, "hii kuifungua ni kazi. Wanataka vitu vingi. Halafu hii nitakayokupa ni ile ya kulipia." Elfu ishirini, mara moja tu, basi. Akakaa kwenye kiti changu, akabofya dakika tano, akanigeuzia karatasi ya risiti aliyoandika nyuma yake anwani ya barua pepe na nywila. Nywila yenyewe ilikuwa jina la mji huu na mwaka. Anwani sikuitambua. Nilipouliza mbona imeli si yangu, akacheka: "Usihangaike na imeli, Mama. Wewe kariri paswedi."

Nikakariri. Na nisiseme uongo, ilinisaidia sana. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha mtu aliyejifunza jana, lakini Kiingereza cha barua za kazi kilinyooka, na wateja wakaanza kusema kwa yule mama barua zinatoka zimevaa suti.

Sasa ule mkeka. Nikamfuata fundi. Hakubabaika hata kidogo. "Mama, hilo tatizo ni la dunia nzima, hata kwenye habari walisema." Ubaya ni kwamba lilikuwa na punje ya ukweli. Machi 2023 kweli kulitokea hitilafu kwenye ChatGPT, baadhi ya watu wakaona vichwa vya mazungumzo ya watu wengine, na kampuni ya OpenAI ikaizima huduma kwa saa kadhaa ili irekebishe. Nilikuwa nimeisikia redioni. Akasema atashughulikia, na kesho yake asubuhi mkeka, kemia na mapenzi vyote vikawa vimetoweka. Nikamwona fundi kweli. Haikunijia kujiuliza fundi simu wa Mafinga anawezaje kurekebisha hitilafu ya Marekani.

Mwaka ukapita hivyo. Mara mojamoja kilijitokeza kichwa cha ajabu, kisha kikapotea. Nikakizoea, kama unavyozoea panya wa darini.

Kisha likaja la mzee wa milingoti. Mzee huyu ni mteja wangu tangu nafungua duka, mtu wa maneno machache, anaingia, anasalimia "kamwene", anakaa mpaka kazi iishe. Mwanzoni mwa 2024 aliniletea nukuu ya kuuza mbao za kuezekea. Vipimo, idadi, bei kwa kipande, usafiri mpaka eneo la ujenzi. Nikaiandika na ChatGPT jioni, asubuhi akaichukua. Kazi akaikosa. Aliyeipata alikuwa chini yake kwa shilingi mia mbili kwa kila kipande, mbao za mbili kwa nne na za mbili kwa sita vilevile, tofauti ileile. Mzee alinisimulia bila kulaumu. Akasema tu, "Kama mtu aliona karatasi yangu." Nikamjibu kwamba hayo ndiyo mambo ya soko. Mpaka leo sina ushahidi, na huenda ni bahati mbaya tu. Lakini baada ya pale alianza kupita mbele ya duka langu bila kuingia.

Julai 2024 binti wa kaka yangu akaja likizo. Anasoma chuo Mbeya, mambo ya kompyuta, na ana tabia ya kushika kila kitu na kuuliza. Siku ya pili tu akaniuliza, "Shangazi, hii akaunti ya nani?"

"Yangu. Nililipa."

"Ulilipa ngapi?"

Nilipomwambia akanyamaza kidogo, kwa adabu. Kisha akanionyesha. Akaunti ilikuwa ya bure tangu siku ya kwanza. Kile kitufe cha kukushawishi upande daraja kilikuwa pale kwenye kona, nilikiona kila siku nikidhani ni tangazo. Ya kulipia wakati ule ilikuwa dola 20 kila mwezi, zaidi ya elfu hamsini kwa bei ya dola ya mwaka ule, na ilikatwa kwenye kadi. Hakuna ya kulipia mara moja ukaondoka. Na hivyo vitu vingi vilivyokuwa vikidaiwa 2023 ni barua pepe na namba ya simu ya kupokea ujumbe wa kuthibitisha. Laini ninazo mbili. Kuhusu hitilafu ya Machi, akanieleza kitu ambacho ningekiona mwenyewe kama ningetaka: ile iliisha walipoirekebisha. Yangu ilikuwa inaongezeka.

"Hii akaunti imeuzwa kwa watu wengi, Shangazi. Wote mko chumba kimoja."

Nikataka nihame siku hiyohiyo. Akaniambia nisubiri, anakwenda kuchukua maziwa, akirudi tutafanya kwa utaratibu. Mimi subira sina. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaona sehemu ya kuomba nakala ya data zako zote. Nikasema haya, nikusanye barua zangu zote kwa mkupuo. Nikabofya, nikathibitisha. Ikajibu kwa upole: kiungo cha kupakua kitatumwa kwenye barua pepe yako.

Yako. Nikalisoma lile neno mara mbili, kisha nikaisoma ile anwani iliyokuwa nyuma ya risiti.

Mwaka mzima na zaidi wa barua za watu, mirathi, deni la SACCOS la mama mmoja, namba za vitambulisho vya NIDA zenye tarakimu zote ishirini, bei za mzee, nilikuwa nimevifunga vyote kwenye gunia moja na kumpelekea mtu mlangoni. Mtoto aliporudi na maziwa alinikuta nimesimama katikati ya duka. Nikamweleza. Akaweka chupa chini. "Kile kiungo kinaishi saa ishirini na nne," akasema. "Tumtafute fundi sasa hivi."

Fundi tulimkuta kibandani anabadilisha kioo cha simu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, lakini jibu lake lilinimaliza nguvu. Ile imeli, akasema, hajaifungua siku nyingi, na nywila yake ameisahau. Aliifungulia kwenye simu yake ya zamani. Simu iko wapi? Aliiuza, kwa mtu wa Makambako. Aliifuta kwanza? Akakuna kichwa. Namba iliyothibitisha akaunti je? Ilikuwa laini ya mdogo wake.

Ina maana akaunti niliyoiita yangu, ambayo na yeye aliiita yake, mlango wake wa nyuma ulikuwa kwenye simu iliyomo mfukoni mwa mtu tusiyemjua, mji mwingine. Yeyote mwenye barua pepe ile anaweza kubofya "nimesahau nywila" na kuingia. Sisi wenye nywila tulikuwa wapangaji tu, hatuna hati. Akatwambia pia, baada ya kubanwa, kwamba watu aliowauzia ni saba. Mmoja ni steshenari iliyoko upande wa pili wa stendi.

Hapo nikamkumbuka mzee na shilingi mia mbili zake.

Hatukuona mahali pa kubadili barua pepe ya akaunti, na nywila isingebadilika bila kupitia barua pepe ileile. Kilichobaki ni kuifuta yote. Lakini mle ndani kulikuwa na kazi za watu wengine sita, na yule mtoto wa kemia alikuwa karibu na mtihani. Nikafanya jambo ambalo binti yangu alilicheka mpaka akakaa chini: nikaanzisha mazungumzo mapya, nikayabadilisha jina yakawa tangazo. "NAKILI VYAKO. KESHO JIONI AKAUNTI HII INAFUTWA." Likakaa juu kabisa ya orodha, kama karatasi kwenye ubao wa mtaa. Usiku mimi nikanakili barua zangu mojamoja kwa mkono kwenda kwenye flashi. Asubuhi nikakuta mtu ameanzisha mazungumzo mengine na kuyapa jina: "Sawa. Samahani kwa mkeka."

Jioni tukaifuta. Inakutaka uwe umeingia muda si mrefu, kisha uandike anwani ya barua pepe ya akaunti na neno la kufuta kwa herufi kubwa, na ukishabofya hakuna kurudi. Wao wanasema data huondolewa kwenye mitambo yao ndani ya siku thelathini. Kiungo cha Makambako sijui kama kilifunguliwa. Kwa wiki mbili nilikuwa nikisikia simu ikilia nashtuka.

Kufungua akaunti mpya nilidhani ni dakika tano za fundi. Ilituchukua mchana mzima, na zaidi ya nusu ya muda huo hatukuigusa ChatGPT kabisa. Tulikuwa kwenye barua pepe. Nina anwani ya Gmail tangu enzi za vibanda vya intaneti. Ndani yake namba ya kurejesha akaunti ilikuwa laini niliyoitelekeza, ikazimwa Januari 2020 wakati zile zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipofungwa. Laini kama ile inaweza kuuzwa tena, na aliyeinunua akapokea tarakimu zangu za uthibitisho. Tukaitoa, tukaweka ninayotumia. Akanipigisha *106# nione laini zilizosajiliwa kwa NIDA yangu. Zilikuwa zangu zote, nikapumua. Nywila tukaitunga kwa maneno manne yasiyofahamiana hata kidogo, moja la Kihehe. Ndefu kuliko jina la mji na mwaka, na rahisi kuikumbuka kwangu kuliko alama za dola na mshangao.

Kisha ikaja hatua ya pili ya uthibitisho ya Gmail, na hapa nikakwama vibaya. Unaweka kwenye simu programu inayotoa tarakimu sita, zinabadilika kila sekunde thelathini. Nikapiga picha ile mraba ya madoadoa, tarakimu zikatokea, nikaziandika, zikakataliwa. Nikaandika tena. Zikakataliwa. Mara ya tatu nikaanza kuisema kampuni. Binti yangu akaichukua simu, akaitazama, akanitazama mimi.

"Shangazi, mbona saa yako iko mbele dakika saba?"

Huwa naiweka hivyo makusudi, nisiachwe na basi la alfajiri la kwenda Iringa. Kumbe ile picha ya madoadoa inabeba siri moja inayokaa kwenye simu yangu na kwao, na kila upande unaichanganya siri hiyo na saa kupata tarakimu sita. Hawawasiliani kabisa, ndiyo maana inafanya kazi hata bando likiisha. Lakini saa zikipishana, hesabu zinapishana. Nikairudisha simu kwenye saa ya mtandao, tarakimu zikakubali papo hapo. Na ndiyo maana ile picha ya madoadoa haipigwi na mtu mwingine "akusaidie": akiwa nayo, tarakimu zako zinatoka na kwake pia. Sasa basi la Iringa nalisubiri kwa kuamka mapema, ambalo ni jambo gumu zaidi.

Google ilinipa na namba za akiba kumi, zenye tarakimu nane nane, kila moja inatumika mara moja, za siku simu itakapopotea. Nimeziandika kwa kalamu nikaziweka pamoja na hati ya kiwanja. Binti yangu alitaka nizipige picha. Nikamwambia simu ikipotea na picha itakuwa imepotea nayo, hapo nikajisikia mwerevu kwa mara ya kwanza siku ile.

ChatGPT yenyewe ikawa ndogo. Tuliandika anwani ya tovuti wenyewe badala ya kubofya matokeo ya juu ya utafutaji, kwa sababu pale juu ni matangazo, na programu za kuigiza jina na rangi zilikuwa tele. Barua pepe, nywila yake peke yake isiyofanana na ya Gmail, tarehe ya kuzaliwa, tarakimu sita, kwisha. Tukazima ile swichi inayoruhusu mazungumzo yangu yatumike kuifundisha programu. Akanionyesha na sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote kwa pamoja, ambayo inaweza kuchukua hadi nusu saa kukamilika. Nusu saa ni nyingi kama mwizi yuko ndani, lakini si haba. Kwenye kompyuta ya duka akanifungulia upande wa wateja na upande wangu, kwa sababu mtu anayekuja kuchapa karatasi ya flashi hana sababu ya kukaa kwenye dirisha lenye barua za watu.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuja jioni, tukiwa jikoni tunamenya viazi. Akasema mwezi uleule niliokuta mkeka, tarehe 1 Mei 2023, ndipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika hapa nchini. Nikasema safi, basi fundi anashtakika. Akasema, "Na wewe, Shangazi. Wateja hawakumpa fundi taarifa zao. Walikupa wewe." Hakusema kwa ukali. Akaendelea kumenya.

Tangu pale majina hayaingii tena mle. Naandika Mteja, naandika Shamba, namba ya NIDA naacha nukta, vikija vimekamilika najaza mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Inaongeza dakika tatu kwa kila barua. Fundi alikuja mara moja kulalamika kwamba wateja wake wanamdai hela zao. Nikamwambia awafungulie kila mtu ya kwake, kwa imeli yake, ni bure. Akasema sasa atakula nini. Nikakosa jibu zuri, nikamletea chai.

Kwa mzee wa milingoti nilikwenda mwenyewe, nyumbani kwake, Jumapili. Nikamweleza yote, wale watu saba, risiti, steshenari ya ng'ambo, nikamwambia sina uhakika lakini huenda bei yake ilionekana kupitia kwangu. Alisikiliza huku anachokonoa gome la kuni kwa ukucha.

"Kwa hiyo hiyo mashine inakumbuka?"

"Inakumbuka ulichokiandika, Mzee. Na yeyote mwenye ufunguo anasoma."

Akanyamaza kwa muda. Mke wake akaleta ulanzi kwangu na chai kwake, kisha akagundua amekosea, akabadilisha. Wiki iliyofuata, siku ya mnada, mzee akaingia dukani. Kamwene. Kamwene, Mzee. Akakaa palepale pa siku zote, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne yenye vipimo na idadi. Nikaiandika nukuu, nikaichapa, nikampa aisome. Safu ya bei aliiagiza iachwe tupu. Akaniomba kalamu, akanigeuzia mgongo, akaanza kujaza.